Mchanga wa Chini ya Tangi: Uchague Upi, Ubadilishe Lini?

Kando ya Ziwa Tanganyika, kila anayetaka kufuga samaki kwenye tangi la kioo huanza na swali moja: mchanga umejaa ufukweni, kwa nini nisichote ndoo moja nikamwaga ndani? Mtu wa Swima anauliza hivyo, wa Baraka na Uvira vilevile, na ng'ambo ya ziwa wa Kigoma naye. Miezi michache baadaye, mabaka meusi yakianza kuonekana chini kwenye kioo, linakuja swali la pili: niutoe mchanga wote, nioshe tangi, nianze upya?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Mchanga wa ziwa unafaa, mradi ujue ni upi na uuandae vizuri. Jibu la swali la pili ni hapana. Kutoa mchanga wote kwa siku moja kunaweza kuua samaki waliokuwa wazima kabisa, na anayefuga samaki wa Tanganyika yuko hatarini kuliko wafugaji wengine kwa sababu ya hali ya maji ya ziwa letu. Sura hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na ufanye nini.

## Tandiko ni nini, na lina kazi gani?

Tuite *tandiko* kitu chochote kinacholazwa juu ya kioo cha chini cha tangi: mchanga, changarawe, maganda ya konokono, au udongo maalumu unaouzwa madukani. Wengi hulichukulia kama pambo, wakachagua rangi inayopendeza macho. Lakini tandiko lina kazi nne, na zote zinamgusa samaki moja kwa moja:

1. Ni mahali pa kula. Samaki wengi hutafuta chakula ndani ya mchanga, si juu yake tu.
2. Ni mahali pa kuzaa. Wako wanaochimba mashimo, na wako wanaotaga ndani ya maganda yaliyofukiwa mchangani.
3. Ni makao ya bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambao husafisha maji kwa kula uchafu wa samaki.
4. Hubadili maji. Mchanga wenye chokaa huyafanya maji kuwa magumu zaidi, yaani yenye chokaa nyingi; udongo wa aina fulani huyafanya kuwa laini na yenye uchachu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "mchanga gani mzuri?", uliza "nitafuga samaki gani, na samaki huyo anafanya nini na sakafu yake?"

## Ziwa letu lina sakafu nyingi

Swima iko ufukweni katika wilaya ya Fizi, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Nyuma yake ardhi inapanda kuelekea milima ya Itombwe. Mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofikia mita 1,470. Ndani ya maji hayo kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na kuhe na tilapia, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ndagala na mukeke, wanaopikwa katika nyumba zetu kila siku, hawamo katika habari hii. Wao huishi katikati ya maji, mbali na sakafu, na hawafugiki kwenye kioo. Tunaowazungumzia ni wale wadogo wa karibu na ufuko, ambao mvuvi wa ndagala huwapita bila kuwatazama. Hawa ndio wanaotafutwa na wafugaji wa Ulaya, Amerika na Japani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyewasafirisha kutoka Bujumbura kwa miaka mingi, alitoa kitabu juu ya samaki wa ziwa hili mwaka 1978 na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989.

Ukiogelea kandokando ya ziwa utakuta sakafu za namna nne:

- Miamba. Hapa huishi *Tropheus*, ambaye huparua ukijani uliogandamana na mawe. Rasi ya Ubwari, inayoikinga ghuba ya Baraka, inafahamika na wafugaji wa nje kwa samaki wake wa miamba.
- Mchanga mtupu. Hapa huishi *Xenotilapia* na *Callochromis*, samaki wenye rangi ya mchanga wenyewe.
- Maganda ya konokono. Konokono aitwaye *Neothauma tanganyicense*, anayepatikana katika ziwa hili peke yake, huacha maganda makubwa yanayodumu miaka mingi. Mahali pengine yamelundikana hadi yakawa sakafu nzima.
- Tope. Hili hukaa zaidi kwenye midomo ya mito na mahali palipotulia.

Samaki wa sakafu moja akiwekwa juu ya sakafu nyingine anaweza kuishi, lakini hutamwona akifanya mambo aliyoumbiwa. Na mara nyingi ataumia.

## Mtazame samaki akifanya kazi

Chukua *Xenotilapia*. Anashuka taratibu, anainamisha kichwa, anazamisha mdomo mchangani na kujaza kinywa. Taya zinacheza mara kadhaa. Kisha mchanga safi unamwagika nje kupitia kwenye mashavu, kama vumbi jembamba, naye anabaki na wadudu wadogo aliowachuja. Anasogea kidogo, anarudia. Hivyo ndivyo anavyoshinda mchana kutwa.

Sasa fikiria umemwekea kokoto za ujenzi, au changarawe kali iliyopondwa. Kila anapozamisha mdomo, anakwaruza midomo na mashavu, mahali penye matamvua ya kupumulia. Punje kubwa haziingii kinywani kabisa, basi anaacha kuchuja. Anabaki kusubiri chakula kianguke kutoka juu, huku chakula kingine kikipenya katikati ya mawe, mahali asipoweza kukifikia, na kuoza humo.

Wa pili ni *Lamprologus ocellatus*, samaki wa urefu wa kidole ambaye ganda la *Neothauma* ndilo nyumba yake. Akipata ganda lililolala juu ya mchanga, haingii tu akakaa. Anachimba chini yake kwa mdomo, kinywa baada ya kinywa, ganda linazama. Analisukuma na kuligeuza mpaka mlango uelekee anakotaka. Kisha anageuka, anapiga mkia kwa nguvu, na mchanga unaruka kulifunika ganda lote, isipokuwa tundu moja la kuingilia lililo sawa na uso wa sakafu. Adui akipita juu haoni nyumba. Jike hutaga ndani ya ganda, na vitoto vikishaanguliwa huchungulia nje kupitia tundu hilohilo.

Kazi hiyo yote haiwezekani kama mchanga ni wa sentimita 1. Ganda lenye urefu wa sentimita 4 au 5 linahitaji mchanga wa kina kinachokaribia hapo ili lifukiwe.

Yuko na *Lamprologus callipterus*, ambaye dume hubeba maganda kwa mdomo na kuyalundika mahali pamoja, majike yaje kutaga humo. Dume huyo ni mkubwa mno: kwa uzito anamzidi jike wake zaidi ya mara 12, kwa sababu yeye lazima aweze kubeba ganda na jike lazima aweze kuingia ndani yake. Hapo unaona jinsi sakafu ya ziwa ilivyoumba hata miili ya samaki.

Kwa kifupi: samaki anayechuja anataka mchanga laini, samaki wa maganda anataka mchanga laini na wenye kina, samaki wa miamba anataka mawe kwanza, na mchanga kidogo tu wa kujaza nafasi.

## Punje ya ukubwa gani, kina gani?

Kwa samaki wengi wa Tanganyika, punje isiyozidi milimita 1 inafaa. Ichukue kati ya vidole usugue: isikwaruze. Mchanga uliosuguliwa na mawimbi huwa umeviringika, na ndiyo sababu wa ufukweni mara nyingi ni bora kuliko wa machimbo.

Lakini usiende kwenye unga. Vumbi laini kama la udongo mfinyanzi huganda, maji hayapenyi, na samaki akichimba kidogo tangi lote linageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kina chagua hivi:

- Tangi la samaki wa miamba: sentimita 1 hadi 2.
- Samaki wanaochuja mchanga: sentimita 3 hadi 4.
- Samaki wa maganda: sentimita 5, na zaidi kidogo upande wanakokaa.
- Mimea yenye mizizi, kama *Vallisneria* yenye majani marefu kama utepe: sentimita 5 hadi 6 mahali ilipopandwa.

Kujua utahitaji mchanga kiasi gani ni hesabu ya darasani. Tuseme tangi lina urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 35, nawe unataka kina cha sentimita 5. Zidisha 80 kwa 35 kwa 5: unapata 14,000. Gawa kwa 1,000: ni lita 14 za mchanga. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1.6 hivi, kwa hiyo utabeba kilo 22 na zaidi kidogo. Weka hesabu hiyo akilini unapochagua meza. Tangi hilo likiwa na kimo cha sentimita 40 litakuwa pia na maji karibu lita 98, ambazo ni karibu kilo 98. Ukijumlisha mchanga na kioo chenyewe, meza ya kawaida ya mbao nyepesi haitoshi.

## Jaribio la ndimu

Maji ya Tanganyika si ya kawaida. Kuna kipimo kiitwacho pH kinachoonyesha kama maji yana uchachu au hali ya magadi. Alama 7 iko katikati. Chini yake ni uchachu, juu yake ni hali ya magadi. Ziwa letu liko karibu na alama 9, juu kuliko maziwa mengi. Samaki wake wamezoea hivyo na huteseka maji yakishuka sana.

Kujua mchanga wako utayafanya nini maji, huhitaji maabara. Kausha kijiko cha mchanga, weka kwenye kisosi, kamulia ndimu au mwagia siki. Ukiona povu na vipovu vinapanda, mchanga una chokaa, na utapandisha pH au kuishikilia juu. Ukitulia bila povu, ni mchanga wa mawe magumu usiobadili maji. Kipande cha ganda la *Neothauma* kitatoa povu, kwa sababu maganda yote ya konokono yametengenezwa kwa chokaa.

Kwa samaki wa Tanganyika matokeo yote mawili yanakubalika, na wa chokaa unasaidia zaidi kama unatumia maji ya mvua, ambayo hayana ugumu wowote. Lakini kama unafuga samaki wa mito ya msituni, ukiepuka wa chokaa utafanya vyema. Mfano wa karibu ni *Phenacogrammus interruptus*, samaki anayemetameta rangi kama upinde wa mvua, ambaye kwao ni bonde la Mto Kongo, kwenye maji laini yenye uchachu kidogo. Nchi ni moja, maji ni mbalimbali, na tandiko lake si letu. Udongo maalumu wa madukani, uliotengenezwa kwa ajili ya mimea, nao hushusha pH: unamfaa huyo wa msituni, haumfai *Tropheus*.

## Kuchota na kuandaa mchanga

Mahali pa kuchota ni jambo la afya ya samaki na ya kwako pia.

Usichote karibu na mahali watu wanapofulia kwa sabuni, wala pale mitumbwi ya injini inapotiwa petroli. Usichote kwenye mdomo wa mto baada ya mvua. Jihadhari na fukwe ambazo ziwa lilipanda likafunika nyumba na vyoo. Mwaka 2024 maji yaliingia mitaani Uvira na Bujumbura, na uchafu wa mitaa hiyo ulishuka mchangani. Usiingie majini penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu ndiko wanakokaa konokono wanaoeneza kichocho. Mchanga mkavu wa juu ya ufuko, ulio mbali na watu, unatosha kabisa.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Chekecha. Tumia chekecheo la unga. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, hata kilichochakaa: dawa inayoua mbu ni sumu kali kwa samaki, na kiasi kidogo sana kinatosha kuwamaliza.
2. Osha. Jaza mchanga theluthi ya ndoo, ongeza maji, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga maji machafu. Rudia mpaka maji yamwagike meupe. Usitumie sabuni hata tone moja.
3. Unguza. Mwagia maji yanayochemka, koroga kwa kijiti, acha yapoe, mwaga.
4. Anika. Tandaza juu ya turubai safi kwenye jua kali siku kadhaa, ukigeuza kila siku. Konokono, mayai yao na minyoo hufa kwa ukavu.
5. Panga mawe kwanza. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga ufuate. Ukiweka mawe juu ya mchanga, samaki atachimba chini yake, jiwe litaanguka, na kioo kitapasuka.
6. Mwaga maji juu ya sahani. Laza sahani juu ya mchanga na umimine polepole hapo, mchanga usitifuke.

Ukinawa mikono kwa sabuni baada ya kazi, suuza vizuri kabla ya kuiingiza tena kwenye tangi.

## Lini ubadilishe?

Mchanga hauna tarehe ya kwisha. Ukitunzwa unadumu miaka. Wengi huubadilisha kwa sababu zisizo na msingi, kisha hushangaa samaki kufa.

Hizi si sababu za kubadilisha:

- Utando wa kahawia juu ya mchanga katika wiki za mwanzo. Huondoka wenyewe.
- Ukijani kwenye kioo. Punguza mwanga wa jua.
- Kinyesi kinachoonekana juu. Kivute kwa mpira wakati wa kubadilisha maji.

Hizi ni sababu za kweli:

- Punje ni kali au kubwa, na samaki ana vidonda mdomoni au ameacha kuchuja.
- Mabaka meusi yanaenea, na ukichokonoa inatoka harufu ya yai bovu.
- Mchanga umeshikana ukawa kama sakafu ya saruji.
- Umebadili aina ya samaki, na wapya wanataka sakafu nyingine.

Harufu ya yai bovu inaelezeka. Mchanga ukiwa na kina na haugeuzwi, hewa haifiki chini. Vijidudu vya mahali pasipo hewa huozesha uchafu na kutoa gesi yenye sumu. Jambo hilohilo liko ziwani kwa ukubwa wa kutisha: upande wa kaskazini, ukipita kina cha mita 100 hivi, maji ya Tanganyika hayana hewa ya kupumulia, na gesi hiyo imetanda humo. Samaki wote tunaowajua wanaishi katika tabaka la juu tu.

Dawa ya kuzuia si kubadilisha mchanga, ni kuugeuza. Samaki wanaochimba hufanya kazi hiyo bure. Wasipokuwepo, tumia kijiti kuchokoa sehemu ndogo kila wiki, au weka konokono wembamba wa *Melanoides tuberculata*, wanaofukua mchanga usiku kucha.

## Kwa nini usiutoe wote kwa siku moja

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii.

Samaki akila, hutoa taka. Taka hiyo hugeuka amonia, kitu kinachounguza matamvua yake. Bakteria wa aina moja huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huvumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Wamejishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye mawe, na kwenye kila punje ya mchanga. Katika tangi jipya huwachukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka kufikia idadi inayotosha.

Ukizoa mchanga wote leo, umewazoa na wao. Samaki wanaendelea kutoa taka jioni hiyohiyo, na hakuna wa kuila.

Kwa maji ya Tanganyika hatari ni kubwa zaidi, na sababu ni pH. Amonia ina sura mbili majini: moja isiyo na madhara makubwa, nyingine sumu kali. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya sumu haifiki 1 kati ya 100. Katika maji ya pH 9, joto likiwa lilelile, sehemu ya sumu ni 36 hivi kati ya 100. Uchafu ni uleule, kiasi ni kilekile, lakini samaki wa ziwa letu anapata sumu mara 60 zaidi ya mwenzake wa maji ya kawaida. Ndiyo maana ushauri uliotolewa kwa wafugaji wa samaki wa maji laini unaweza kumponza mtu wa Fizi.

Basi fanya kama mkulima wa muhogo, asiyeng'oa shamba zima kwa siku moja: anavuna upande huu, anapanda, na ule mwingine unaendelea kulisha nyumba.

## Kubadilisha hatua kwa hatua

Gawanya sakafu ya tangi mafungu manne kwa macho yako. Kila fungu lichukue wiki moja hadi mbili.

1. Siku moja kabla, usiwalishe samaki. Samaki mzima hadhuriki kwa kushinda siku moja bila kula.
2. Andaa maji ya kuongezea, yaliyolala ndani ya bidoni safi na yenye joto linalolingana na la tangi. Maji ya ziwa yaliyolala siku mbili bila konokono ndani yake hayawezi tena kuambukiza kichocho.
3. Angalia maganda. Kama samaki wamejificha ndani, fungu hilo liache liwe la mwisho, na kama kuna vitoto subiri wakue.
4. Vuta mchanga wa zamani kwa mpira mpana ukielekeza kwenye ndoo, pamoja na maji kiasi. Usinyonye mpira kwa mdomo. Ukanda wetu wa Uvira, Fizi na Baraka unasumbuliwa na kipindupindu mara kwa mara, na tone moja la maji machafu kinywani halina faida yoyote. Zamisha mpira wote ndani ya tangi ujae, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe ndani ya ndoo chini ya tangi, achia: maji yatakimbia yenyewe.
5. Shusha mchanga mpya ukiwa umelowa, kwa kikombe, hadi kwenye sakafu. Usiumwage kutoka juu.
6. Nyunyiza konzi mbili za mchanga wa zamani ulio safi juu ya mpya, ili bakteria wahamie upesi.
7. Usiguse chujio katika majuma hayo yote. Ndilo akiba yako ya bakteria.
8. Lisha nusu kwa siku 3 au 4.

Kisha tazama. Samaki wakipanda juu kuvuta hewa, wakihema haraka, au mashavu yakiwa mekundu, badilisha robo ya maji siku hiyo na kesho yake, ongeza hewa kwa pampu, na ahirisha fungu linalofuata. Kama una karatasi au dawa ya kupimia amonia, itakuambia mapema kuliko samaki.

Kwa kifupi: robo kwa robo, chujio lisiguswe, chakula kipungue, macho yasitoke kwenye tangi.

## Mchanga wa tangi na mchanga wa ziwa

Anayejifunza kutunza sakafu ya tangi anajifunza pia jambo ambalo ziwa zima linalihitaji. Mwaka 1993 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu fukwe za Tanganyika. Walilinganisha mahali penye udongo mwingi unaoletwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti na mahali pasipo udongo huo. Kwenye tope, aina za viumbe zilikuwa chache, samaki wakiwemo. Tope hufunika ukijani wa miamba ambao *Tropheus* hula, huziba nafasi kati ya mawe na hufukia maganda.

Milima ya Fizi inalimwa hadi kwenye miteremko mikali, na kila mvua kubwa mito hushuka ikiwa myekundu. Mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne zinazolizunguka: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Lakini mkataba haupandi miti juu ya Swima. Hilo ni la watu wenyewe, kwa kulima kwa matuta, kuacha miti kandokando ya mito, na kukataa kuchimba mchanga wa ujenzi kwenye midomo ya mito.

Mfugaji wa samaki naye ana wajibu wake:

- Chukua maganda yaliyotupwa na mawimbi ufukweni, si yale yaliyo majini, kwa sababu huko yana wenyewe.
- Chota ndoo unayohitaji, usijaze gunia.
- Usirudishe ziwani samaki wala konokono wa mahali pengine, hata kama umewachoka.
- Mchanga wa zamani utandaze bustanini. Mimea itafurahia uchafu wake.

Shule yoyote ya Swima au Baraka inaweza kuweka tangi moja, mchanga wa ufukweni ulioandaliwa vizuri, maganda machache, na jozi moja ya *ocellatus*. Watoto wanaokula ndagala kila siku watamwona samaki akijijengea nyumba kwa mdomo na mkia. Kisha mwalimu atumbukize kijiko cha udongo mwekundu kwenye bakuli la pembeni lenye maji na jiwe, aliache mpaka kesho, awaonyeshe jinsi jiwe lilivyofunikwa. Mtoto aliyeona mambo hayo mawili ataelewa kwa nini mti wa mlimani ni mali ya mvuvi, na akiwa mkubwa atajua la kusema kijiji kinapokaa kuamua nani akate wapi.